Choo cha Mkwe

Shule niliiacha darasa la tatu na jambo hilo halijawahi kunisumbua. Kilichonisumbua ni heshima ya mkwe. Nataka kuandika jinsi heshima hiyo ilivyokaribia kuniua Eldoret, nikiwa mikononi mwa madaktari, kwa sababu ya choo.

Wasio wa kwetu niwaeleze kwanza. Mimi nilizaliwa karibu na Sio Port, nikaolewa Bukhayo. Huku kote, mama hamwangalii usoni mume wa binti yake. Hampi mkono. Halali kwake, hali mezani pake, na choo anachoingia mkwe yeye hakiingii. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye mahindi ya watu mpaka mwenzake apite. Binti yangu wa pili aliolewa na Mteso wa Malaba, na Wateso kwa jambo hili ni wakali kuliko sisi. Kwa hivyo mimi na mkwe wangu tulipatana vizuri sana. Miaka yote ile sikujua hata kama ana ndevu.

Malaba nilianza na karai moja la omena, wale dagaa wa ziwani, kichwani. Malori yalikuwa yamepanga foleni ya kuvuka kuingia Uganda kama yanavyopanga leo, madereva wana njaa na hasira. Niliwauzia omena ya kukaanga na ugali. Baadaye nikaacha kupika, nikauza omena kavu kwa magunia kwa wanawake wa upande wa pili, ambao hubishana bei mpaka kivuli kinahama. Mume wangu alipofariki watoto walikuwa wadogo. Sikuolewa tena, sikuomba ndugu. Leo nina ploti ya vyumba vya mawe nyuma ya barabara kubwa, imejaa wapangaji, na kuanzia msingi mpaka bomba la maji nilisimamia mwenyewe. Nasema hivyo ili ujue aliyeugua ni mtu wa aina gani.

Damu ilianza wakati mambo ya mwezi yalikuwa yameshaniaga zamani. Nilidhani ni kuinua magunia. Nikavuka mpaka, nikanunua mizizi kwa mama mmoja anayeuza dawa za miti, nikachemsha, nikanywa. Uchungu wake sijasahau. Damu haikujali.

Sokoni kwetu alikuwa anapita mama mmoja wa afya ya kijiji, na begi lake mgongoni, anauliza wanawake kama wamepimwa. Sisi tulikuwa tunamwona kama wale wanaouza sabuni za kuondoa madoa. Siku moja akasimama mbele ya omena yangu.

“Mama, umewahi kupimwa mlango wa kizazi?”

“Wangu ulifungwa zamani,” nikamwambia. “Mwenyewe alikufa na ufunguo.”

Wanawake wa soko walicheka mpaka mmoja akamwaga dagaa wake. Yule mama naye alicheka, kisha hakuondoka. Akainama karibu na sikio langu.

“Basi tufungue tuangalie kama mchwa hawajaingia.”

Sijui kama alikuwa ameona kitu kwenye leso yangu ama alibahatisha tu. Kicheko kiliniishia. Siku iliyofuata nilikuwa kwenye zahanati, nimelala chali, miguu juu, mbele ya sista mwenye umri wa kitinda mimba wangu. Alipaka kitu kinachonuka kama siki. Halafu akanyamaza. Mimi ni mfanyabiashara, najua mtu akinyamaza hivyo ameona kitu ambacho bei yake ni kubwa.

Walinituma hospitali kubwa ya Busia. Wakakata kipande, wakakipeleka kupimwa, wakaniambia ningoje. Nikangoja nikiuza omena, maana kungoja umekaa bure ni ugonjwa mwingine. Majibu yalipokuja nilimwambia daktari asizunguke.

“Mama, ni kansa ya mlango wa kizazi.”

“Inaua?”

“Ukiiacha, inaua. Hii yako tumeiwahi. Inatibika. Lakini si hapa.”

Akanieleza kwamba kuna mashine inayochoma kwa mionzi, haina moto wala haiumi, na kwamba kwetu haipo. Ingebidi niende Eldoret. Kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki tano, na mara moja kwa wiki dawa ya dripu. Bila kuruka.

“Nikiruka?”

“Ukiruka, ile kansa inapumua. Ikipumua, inaamka na nguvu.”

Nikamuuliza kama siwezi kupanda gari alfajiri, nichomwe, nirudi kufunga kibanda jioni. Akaniangalia kama mtu anayeangalia mtoto. “Wiki ya kwanza utaweza. Ya pili utabebwa. Una mtu Eldoret?”

“Nina binti ameolewa huko.”

“Ahaa! Basi shida imeisha.”

Huyo daktari hakuwa wa huku kwetu.

Binti yangu huyo, yule wa pili, ni fundi wa nguo. Mume wake anaendesha tuktuk pale mjini, na wanakaa kwenye ploti, vyumba viwili. Nilimpigia kumwambia nimepata lojing'i karibu na hospitali, pesa ninayo, wasijisumbue.

“Na nani atakupikia, Mama?” akauliza. “Hiyo dawa inatapisha. Utatapikia watu wa lojing'i?”

“Nitatapika nyumbani kwa nani basi?”

Nikasikia anaongea na mtu pembeni. Akarudi. “Mama, huyu amesema utakaa hapa.”

“Huyu nani?”

“Si ni mume wangu!”

“Mwambie nimeuliza kama amelogwa.”

Akamwambia. Nilisikia sauti ya mwanamume ikicheka kwa mbali, nikaondoa simu sikioni haraka.

Habari zikafika Bukhayo kabla yangu. Shemeji yangu, kaka ya marehemu mume wangu, ndiye mzee aliyebaki kwenye boma letu, na kazi yake siku hizi ni kusikiliza redio na kukataza watu mambo. Aliniita. Alikuwa amevaa koti, kwa hivyo nikajua ni kesi.

“Shemeji, nimesikia unaenda kulala kwa mkwe.”

“Ninaenda kutibiwa. Kulala ni kitu mtu anafanya akichoka.”

“Tangu nizaliwe sijaona mama analala kwa mkwe.”

“Na tangu uzaliwe umeona hiyo mashine? Ijenge basi hapo nyuma ya zizi lako. Nitachomwa hapo, nitalala kwangu.”

Akazima redio. Hiyo kwake ni ishara kubwa. Akakaa, akasugua goti lake, kisha akasema pole pole, bila ukali, “Kansa ilichukua dada yangu. Alikuwa amelala hapo ndani, na sisi tunamngojea apone.” Nikavuta kigoda, nikakaa karibu naye.

Mwishowe akatoa ruhusa, lakini na masharti. Mkwe ahame nyumba yake mpaka nimalize. Tusionane macho. Nisile chakula kilichonunuliwa na mkono wake. Asiniguse; akinigusa, faini ni mbuzi, na wazee wakae. Nikakubali yote. Nilibeba unga wa wimbi na mihogo, nikabeba gunia dogo la omena ambalo kondakta alilalamikia harufu yake mpaka Bungoma.

Mkwe alikuwa ameshahama. Alienda kulala kwa dereva mwenzake, wawili kwenye kitanda kimoja, mtu mzima mwenye mke wake. Lakini binti yangu hangeweza kufunga kibanda cha kushona kila asubuhi kunipeleka hospitali, na mimi mji ule siujui. Kwa hivyo asubuhi ya kwanza tuktuk ilisimama nje ya geti. Nikatoka nimejifunika leso kichwani mpaka puani. Nikaingia nyuma. Mbele yangu kulikuwa na mgongo mpana wa koti la bluu, na shuka alilotundika katikati yetu likiufunika mpaka mabegani. Kile kioo cha juu, ambacho dereva huangalia nacho abiria, alikuwa amekigeuza kikaangalia mbingu.

Hatukusalimiana. Alikohoa mara moja, nami nikakohoa. Basi tukaenda.

Hivyo ndivyo tulivyoenda kila siku. Alinishusha getini, akageuka kuangalia ukuta mpaka nipite. Nikimaliza, nilimpigia binti yangu, naye akampigia, naye akaja. Simu mbili kwa safari moja, na tumekaa umbali wa kutupa jiwe. Madereva wenzake walimtania. Siku moja nikamsikia mmoja, “Wee, leo umebeba mzigo gani umefunikwa hivyo, magendo?” Akamjibu, “Nimebeba mama ya bibi yangu, angalia huko wewe pia.” Na yule jamaa, kumbe Mluhya, akageuka ukutani. Nilifurahi sana ndani ya leso.

Sasa mashine. Ni kubwa, ina mkono unaokuzunguka, na haikugusi. Unalala, wanakuchora alama kwenye nyonga, wanatoka nje wote wanakuacha, inalia kidogo, imeisha. Vijana wanaoiendesha walikuwa na adabu. Msichana mmoja alikuwa ananiita gogo, ndivyo Wakalenjin wanavyomwita bibi mwenye wajukuu. Mimi si gogo wa mtu, lakini alisema vizuri, nikamwachia.

“Gogo, kuna kazi moja tunakupa wewe,” akaniambia siku ya kwanza. “Maji. Unakunywa siku nzima nyumbani, mengi. Ukifika hapa, unakunywa hii chupa, unakaa, hukojoi mpaka tumalize. Kibofu kikijaa kinasukuma matumbo juu, mashine haiyachomi. Kikiwa kitupu, matumbo yanashuka, tunayachoma na yenyewe. Umeelewa?”

“Nimeelewa.”

Na nilielewa. Usifikiri ni kukosa shule. Nilielewa kila neno, nikarudi kwenye ile ploti na kukaa kitandani, na nikaanza kufikiria choo.

Ploti ile ilikuwa na choo huko mwisho, mlango wa mabati, na kila asubuhi miaka yote mkwe wangu alikuwa ameingia humo. Kuhama alikuwa amehama, lakini choo hakikuhama. Kila nikikitazama nilimwona pale mlangoni. Miguu ilikataa. Mtu asiyelelewa hivi atacheka, na acheke, lakini kuna vitu ambavyo mwili unavijua kabla ya kichwa. Nikatafuta njia yangu. Njia yangu ilikuwa kutokunywa. Nilikuwa nabana mpaka nifike hospitali, na chupa yao nilikunywa pale pale, nikimaliza kuchomwa natumia choo chao, narudi. Jumamosi na Jumapili, hospitali ikiwa imefungwa upande wetu, nilikuwa natembea mpaka kwenye kituo cha petroli. Huko nanunua soda kwa heshima, sinywi, natumia choo, narudi. Soda zilijaa chini ya kitanda. Binti yangu alidhani nimependa.

Wiki ya kwanza ilipita. Ya pili yule msichana akaanza kulalamika. “Gogo, kibofu hakijajaa. Kaa nje, kunywa tena.” Nakaa, wengine wanapita, wananiita, bado. “Gogo, unakunywa nyumbani?” Nakunywa, nikamwambia. Nilimdanganya bila kupepesa, maana ningesema nini? Kwamba sitaki kukojoa kwa mkwe? Mbele ya vijana?

Wiki ya tatu tumbo likaanza kuhara. Hilo walishaniambia litakuja, na waliniambia dawa yake ni kunywa zaidi. Mimi nikaona njia ya kituo cha petroli ni ndefu sana kwa tumbo la namna hiyo, nikaacha kula pia. Ile Jumamosi na Jumapili niliishi kwa vijiko vya uji. Binti yangu akiniuliza, nilisema dawa imenikatia hamu. Alilia kidogo huko jikoni akidhani sisikii.

Jumatatu tuktuk ikaja. Niliingia sawa. Tukafika getini. Nikaweka mguu mmoja chini, na ardhi ikakataa kusimama mahali pake. Niliona ukuta wa hospitali unakuja upande. Nikasikia mlango wa tuktuk unafunguliwa kwa nguvu, na sauti ambayo sikuwahi kuisikia karibu hivyo.

“Mama, nisamehe.”

Halafu nikawa hewani. Alinibeba kama gunia la omena, mikono miwili, akakimbia nami kupita watu, akipiga kelele wampishe. Koti lilinuka petroli na jasho la mtu anayefanya kazi. Leso ilikuwa imeanguka huko nyuma, kichwa kiko wazi. Nilifunga macho. Nataka mjue sikuyafunga kwa sababu ya ugonjwa. Niliyafunga kwa adabu.

Walinilaza, wakanitundikia dripu. Siku hiyo sikuchomwa. Siku iliyofuata pia. Sista mkuu wa pale, mama mnene mwenye miwani, alikuja akasimama miguuni pangu na hakutabasamu.

“Mama, damu yako inaonyesha umekauka. Hujanywa maji siku nyingi. Ukiendelea hivi tutasimamisha matibabu. Na tukisimamisha, kazi yote tuliyofanya inaweza kupotea. Kwa nini hunywi?”

Nikavuta shuka mpaka kidevuni.

“Unatoka wapi?”

“Busia.”

“Unakaa wapi hapa?”

Nikalivuta mpaka puani. Akavua miwani, akavuta kiti. “Uko kwa mkwe?”

Nilimwangalia. Hakuwa wa kwetu kwa sura wala kwa jina.

“Mimi nimekaa hapa miaka,” akasema. “Wanakuja kutoka Busia, Bungoma, Siaya, wapi. Mwenye pesa analala lojing'i. Asiye na pesa analala kwa jamaa. Wengine jamaa ni mkwe. Kabla yako alikuwepo mama mmoja, kitanda kile pale. Alisema anaenda nyumbani siku moja kuangalia ng'ombe. Tulimpigia, tukampigia. Hakurudi. Alikuwa amebakisha kidogo tu.”

Sikuuliza jina. Niliangalia kile kitanda, kimetandikwa shuka safi, hakuna mtu. Hapo ndipo niliogopa kweli. Tangu mwanzo sikuwa nimeogopa, nilikuwa na kiburi tu, na nilidhani ni ujasiri.

Binti yangu alifika na uzi bado umemning'inia kwenye nguo. Sista akamweleza, mbele yangu, kila kitu hadi choo. Nilitamani godoro linimeze. Binti akanigeukia. Yeye amechukua mdomo wangu, hilo watu wote wanasema.

“Mama, wapangaji wako Malaba wakigombania choo unawaambia nini?”

“Huu si wakati wa mambo ya Malaba.”

“Unawaambia nini? Niambie.”

“Nawaambia,” nikasema polepole, “waache kelele, choo si cha mpangaji yeyote. Ni changu.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu mimi ndiye mwenye ploti.”

“Haya. Na hiki cha kwetu ni cha nani?”

Nikataka kusema ni cha mkwe. Kumbe upande wa pili wa pazia la kitanda alikuwa amesimama mtu, kwa sababu pazia likaongea.

“Mama, mimi pale nalipa kodi tu. Choo ni cha landilodi. Hata kufuli, ufunguo anao keteka anayemwangalizia ploti. Akikasirika anakifunga, tunaenda kuomba jirani.”

Sista alianza kucheka kwanza. Alicheka mpaka akashika kitanda. Binti akafuata. Mimi nilijikaza, lakini dripu ilianza kutikisika, nikajua nami nimeshindwa. Nilikuwa nimejenga vyoo vinne kwa mikono ya mafundi wangu mwenyewe, nikiwafokea wapangaji kila mwezi kwamba si vyao, na nimekaribia kufa kwa kuogopa choo cha landilodi wa Eldoret ambaye hata simjui!

“Nimesikia, baba,” nikaliambia pazia.

“Basi kunywa maji, Mama,” pazia likajibu. “Tafadhali.”

Nikanywa. Nikanywa mpaka tumbo likawa linacheza nikitembea. Choo cha ploti nikakiingia kichwa juu, kama mkaguzi, na kusema ukweli kilikuwa kichafu. Kwangu Malaba kisingepita. Nilimwambia keteka hivyo. Alianza kukiosha kila asubuhi, na wapangaji wengine wakanisalimia kwa heshima.

Daktari aliongeza siku mwishoni kufidia zile nilizokosa. Yule msichana wa mashine akawa ananisifu, “Gogo, leo kibofu ni tangi!” Nikaendelea kufunikwa leso ndani ya tuktuk, shuka liko pale pale, maana kuokoa mtu ni jambo moja na kuzoeana ni jingine. Kulikuwa pia na matibabu ya mwisho, yale yanayowekwa ndani, na hayo sitayaandika, kwa sababu hata mimi nina mipaka. Lakini nilimaliza. Kila siku waliyoniandikia, nilimaliza.

Nikarudi Bukhayo mwembamba kama ufito. Shemeji alinipa siku ya kupumzika, kisha akavaa koti.

“Alikugusa?”

“Alinibeba. Mzima mzima.”

“Mikono yote?”

“Ulitaka anibebe na meno?”

Akawa anajizuia kucheka. “Basi mbuzi.”

Wazee wakakubaliana na wazee wa Malaba. Mkwe akaja na mbuzi jike mwenye afya na blanketi, nami nikatoa kuku na mtama wa pombe kwa ajili ya watu wa kwao. Wakasema maneno yao. Wakaleta beseni moja la maji, tukanawa wote wawili kwa pamoja. Halafu shemeji akasema, “Haya, sasa angalianeni.”

Nikainua macho. Ana ndevu, kidogo, na pengo la jino juu. Uso wa mtu wa kawaida kabisa. Nilitarajia sijui nini. Akanyoosha mkono, ule ule, nikaushika. Ulikuwa mgumu kama wangu. Mama mmoja wa kwao akapiga vigelegele, na binti yangu akaenda kusimama nyuma ya nyumba peke yake.

Daktari wa Eldoret aliniangalia baada ya miezi, akasema haoni kitu. Akarudia baadaye, bado haoni. Narudi kila wakinipangia, na nikienda sikosi pa kulala. Sokoni Malaba yule mama wa afya sasa anakaa kwenye benchi langu, na akiuliza mwanamke kama amepimwa, mimi ndiye ninayejibu kabla hajacheka. Wawili nimewapeleka zahanati kwa mkono. Mmoja hakuwa na kitu. Wa pili alikuwa nacho, kidogo, kikaondolewa hapo hapo Busia, hata Eldoret hakufika. Alikasirika kwa sababu nilimvuta mbele ya wateja. Akasirike, lakini yuko hai.

Shida niliyo nayo siku hizi ni nyingine. Kwa kuwa sasa tumeruhusiwa kuongea, nimegundua kwamba mkwe wangu hanyamazi. Nikilala kwao, ananifuata mpaka jikoni. Anajua kila injini ya tuktuk na jinsi inavyokufa. Anajua nani atachukua kiti cha udiwani na kwa nini hafai. Ananiambia omena ya Sio Port ina mchanga kuliko ya Uganda, mimi, ananiambia mimi! Mwezi uliopita nilikuwa nasonga ugali, yeye amekaa kwenye kigoda anaongea tu, nikageuka na mwiko mkononi.

“Baba, pumzika kidogo. Masikio yangu yamechoka.”

Hakuudhika hata kidogo. Akaegemea ukuta, akanyoosha miguu.

“Ai, Mama. Si nimenyamaza miaka yote hiyo?”

Nikamaliza kusonga. Nikampakulia kwanza, tena upande wenye omena nyingi.